Mwalimu tarajali asiyeogopa sayansi: namna ya kumwandaa chuoni

Mwongozo huu ni wa wakufunzi wenzangu wa vyuo vya ualimu Tanzania, hasa tunaowalea walimu wa shule za msingi. Mwanachuo anayetaka kujinoa mwenyewe naye anaweza kuufuata, mradi apate mwenzake mmoja wa kufanya naye kazi.

Tuanze na chanzo cha woga wenyewe. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari ameruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia anapoingia kidato cha tatu, Baiolojia ikabaki ya lazima. Kwa hiyo wengi wanaofika chuoni waliachana na betri na sumaku wakiwa kidato cha pili, na wapo ambao hawakuwahi kuzishika. Walizichora tu daftarini. Huyo ndiye tunayemtaka asimame mbele ya watoto themanini awafundishe umeme, nyenzo na mwako. Asipokuwa na uhakika hujisitiri: anaandika nukuu ubaoni, watoto wananakili, dakika 40 zinaisha. Mtaala unaotekelezwa tangu Januari 2024 unasisitiza umahiri, lakini mwalimu mwenye woga ataufundisha hata huo kwa kunakilisha.

Maneno ya kutia moyo hayamwondolei mtu woga huu. Unamtoka pale anapolifanya jaribio kwa mikono yake, likagoma, akatafuta hadi akajua kwa nini limegoma. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Pima walichokuja nacho, kwa vifaa na si kwa karatasi

Wiki ya kwanza usitoe mtihani wa kuandika. Wape wanachuo wawili wawili betri moja ya tochi, balbu ndogo ya zamani yenye uzi ndani na kipande kimoja cha waya. Waambie wawashe. Usiseme kingine.

Utaona mengi kwa robo saa. Wengi watagusisha waya kwenye ncha moja ya betri na kitako cha balbu, kisha washangae kwamba haiwaki. Hao wanaamini umeme unatoka kwenye betri na kuishia kwenye balbu, kama maji yanavyotoka bombani. Hawajui kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusia, kitako na ubavu wa chuma, wala kwamba njia lazima irudi kwenye betri. Mwanachuo huyohuyo ukimpa karatasi atakuchorea sakiti safi kabisa, na ukisahihisha mchoro wake utampa alama zote.

Kisha waulize kwa mdomo: kwa nini Dar es Salaam ina joto Januari na ubaridi kidogo Julai? Jibu litakalokuja haraka ni kwamba Januari dunia iko karibu na jua. Hapa uwe makini, kwa sababu kwa sisi tulio kusini mwa Ikweta kosa hili limejificha vizuri. Ni kweli kwamba mapema Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, kilometa milioni 147 hivi, na mapema Julai huwa mbali zaidi, kilometa milioni 152. Lakini Januari hiyohiyo Uingereza wako kwenye baridi kali. Umbali ungekuwa ndio sababu, dunia nzima ingepata joto pamoja. Sababu ni mhimili wa dunia ulioinama: mwezi huo upande wa kusini umelielekea jua. Mwache mwanachuo mwenyewe agundue kwamba hoja yake haisimami, kwa kumuuliza tu habari za ndugu aliyeko Ulaya.

Andika uliyoyaona. Orodha hiyo ndiyo mpango wako wa muhula.

Hatua ya 2: Rudia maudhui ya darasa la III hadi la VII, lakini kwa mikono

Kosa la kawaida ni kumrudisha mwanachuo kwenye vitabu vya kidato cha nne ili ajenge msingi. Anazidi kuogopa. Chukua kitabu cha kiada cha shule ya msingi na kiongozi cha mwalimu, mpitie mada baada ya mada, na kila penye jaribio lifanyeni. Vitabu hivi vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa hiyo anayeweza kupata simu yenye intaneti hana sababu ya kuvikosa.

Chukua sakiti tuliyoanza nayo. Baada ya balbu ya uzi kuwaka, wape LED, yaani taa ndogo isiyo na uzi ndani, iliyotolewa kwenye tochi mbovu, kwa kuwa ndizo watakazozipata kijijini. Balbu za uzi zinaadimika. Wataiunganisha na betri moja, haitawaka. Watasema imeungua. Waambie waongeze betri ya pili, wazipange zifuatane. LED nyekundu huhitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu volti 3, na betri moja ya kawaida ina volti 1.5. Bado baadhi hazitawaka. Sasa waambie wageuze miguu ya LED. Itawaka, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio unaokwenda kwenye chanya. Wakitumia LED nyekundu kwa betri mbili, wasiiache ikiwaka muda mrefu bila kipingamizi cha kupunguza mkondo wa umeme, kwani inaweza kuungua kwelikweli.

Mwanachuo aliyepita hapo amejua mambo matatu ambayo mchoro wa kitabuni haumwambii. Siku LED itakapogoma mbele ya watoto, atajua pa kuanzia: njia imefungika? Volti zinatosha? Miguu iko upande sahihi? Waandike maswali haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la majaribio.

Nyenzo, mapigo ya moyo, kuota kwa mbegu, kuelea na kuzama havina ugumu huo. Vipitie kwa kasi. Kwenye nyenzo shikilia jambo moja tu: mwanachuo asikariri madaraja matatu, bali ashike mkasi, kifungulio cha soda na koleo la mkaa, aonyeshe kwa kidole egemeo liko wapi, jitihada inatoka wapi na mzigo uko wapi. Akiweza hivyo, ataainisha hata toroli na jembe bila kitabu.

Hatua ya 3: Kila mmoja aondoke na sanduku lake

Maabara ya chuo ikifungwa saa tisa, umahiri wa mwanachuo nao unabaki mle ndani. Kila mwanachuo atengeneze sanduku lake, aliwekee alama ya jina, alitumie muhula mzima na aondoke nalo. Boksi la viatu linatosha. Ndoo ya rangi yenye mfuniko ni bora zaidi maana panya hawaingii.

Vifaa vyenyewe vinapatikana sehemu tano. Duka la dawa: ayodini ya vidonda, spiriti, bomba la sindano lisilo na sindano. Duka la vifaa vya ujenzi: chokaa, mpira mwembamba wa maji, misumari, waya. Sokoni: limau, magadi, siki, choya, maharage ya kuotesha. Kwa fundi redio: LED, sumaku za spika zilizokufa, nyaya za shaba, swichi. Nyumbani: chupa za plastiki, mishumaa, glasi, sinia, uzi.

Watume wenyewe kwa fundi redio. Usiwanunulie. Mwalimu anayejua kuongea na fundi wa mtaani hatakwama hata akipangiwa shule isiyo na kifaa chochote, na mara nyingi fundi atamweleza spika inavyofanya kazi vizuri kuliko sisi.

Majaribio matatu yakae kwenye sanduku tangu mwanzo kwa sababu hayagomi kirahisi na watoto huyafurahia. La kwanza ni ayodini kwenye vyakula: tone moja juu ya ugali, muhogo, kiazi, ute wa yai na kipande cha nyama. Penye wanga rangi hugeuka bluu iliyokoza hadi nyeusi. La pili ni choya. Loweka maua yake makavu kwenye maji ya moto, chuja, gawa kwenye vikombe vitatu; kimoja kamulia limau, kingine tia magadi, cha tatu kiache kama kilivyo. Cha limau kitakuwa chekundu cha kung'aa, cha magadi kitageuka kuelekea bluu au kijani, na mwalimu ameshapata somo la asidi na besi bila karatasi ya litmasi.

La tatu ni maji ya chokaa ya kupimia kabonidayoksaidi. Koroga kijiko cha chokaa kwenye chupa ya maji, funga, acha usiku kucha ituame, kisha mimina yale maji maangavu ya juu bila kutibua chini. Ukipuliza hewa ya pumzi ndani yake kwa mrija, yanakuwa kama maziwa. Yasipobadilika, mara nyingi chokaa ni ya zamani: imekaa wazi, imeshakutana na kabonidayoksaidi ya hewani, haina nguvu tena. Tafuta mfuko mpya na uhifadhi chokaa kwenye chombo kinachofunga. Anayepuliza apulize tu, asivute, na avae miwani yoyote iliyopo.

Hatua ya 4: Kila jaribio lifanywe kabla ya somo, na maelezo yake yahojiwe

Hii ndiyo hatua ninayoomba isirukwe hata muda ukiwa mfinyu.

Mfano wangu ni ule mshumaa unaosimamishwa kwenye sahani ya maji kisha kufunikwa na glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Karibu kila mwanachuo atakuambia kwamba oksijeni imetumika yote, na kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, maji yamepanda kujaza nafasi hiyo. Maelezo hayo yanapendeza, yanakubaliana na namba, na si sahihi.

Waambie wafanye tena, safari hii watazame. Mshumaa unapofunikwa, baadhi yao wataona mapovu yakitoka chini ya ukingo wa glasi. Hewa imepashwa moto, imetanuka, nyingine imetoroka. Watazame pia maji yanapanda lini. Hayapandi taratibu wakati mshumaa unawaka. Yanapanda hasa unapofifia na kuzimika, hewa ya ndani inapopoa na kusinyaa na mvuke unapogeuka kuwa maji.

Sasa wafanye mara ya tatu kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni iliyomo ni ileile, kwa hiyo maelezo ya kwanza yanatabiri maji yapande kiasi kilekile. Yanapanda zaidi, kwa sababu joto limekuwa kubwa. Mwisho kabisa wafanye bila mshumaa: wasuuze glasi kwa maji ya moto, wayamwage, waigeuze upesi kwenye sahani ya maji baridi na wasubiri. Maji yatapanda ingawa hakuna kilichoungua.

Mshumaa bado unafaa kufundishia kwamba moto unahitaji hewa. Haufai kupimia kiasi cha oksijeni, maana huzimika kabla oksijeni haijaisha. Mwanachuo aliyeliona hili kwa macho yake amepata kitu kikubwa kuliko mada ya mwako: amejua kwamba maelezo yaliyochapishwa nayo hupimwa. Jenga utaratibu huu kwenye kila andalio la somo. Chini ya jaribio aongeze mistari mitatu: nilitarajia nini, niliona nini, nini kinaweza kugoma. Andalio lisilo na mistari hiyo lirudishe.

Hatua ya 5: Usalama

Yako machache, lakini hayana mjadala. Umeme wa ukutani, volti 230, hauguswi katika jaribio lolote. Betri ya simu haifunguliwi wala haitobolewi. Spiriti haipashwi moto juu ya jiko. Chombo chake kinawekwa ndani ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, moto ukiwa umezimwa. Chokaa haishikwi kwa mikono mitupu, na ikiingia jichoni huoshwa kwa maji mengi papo hapo. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji vikae karibu kila penye mshumaa. Watoto wenye nywele ndefu au ushungi wazibane nyuma.

Hatua ya 6: Mfundishe kulipokea swali asilojua jibu lake

Woga mkubwa kuliko wote ni huu: mtoto akiniuliza nisilolijua, nitaaibika. Mwanachuo anahitaji kuzoezwa, na kisa cha kumfundishia tunacho hapahapa nchini.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana ni lini hasa jambo hilo hutokea na kwa nini, na linaitwa kwa jina la Mpemba.

Wasimulie wanachuo, kisha waulize: katika kisa hiki wewe ungekuwa mwalimu yupi? Baada ya hapo fanyeni zoezi. Mmoja anasimama mbele, wenzake wanamrushia maswali ya watoto: kwa nini bahari ina chumvi na ziwa Victoria halina, kwa nini popo halali usiku, mtu akichimba chini sana atatokea wapi. Asiyejua jibu ana kanuni ya kufuata: alirudie swali kwa sauti ili darasa zima lisikie, amsifu aliyeuliza, awaulize wengine wanadhani nini, kisha aseme litapimwaje au litatafutwa wapi, na lini atarudi nalo. Hilo la lini ni muhimu. Watoto hukumbuka ahadi. Alibandike swali ukutani hadi litakapojibiwa.

Zoezi jingine ni kunyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu wengi huuliza swali na kusubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi watoto wengi zaidi hujibu, tena kwa majibu marefu. Mpe mwenzake simu apime. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu kuliko mtu anavyodhani.

Hatua ya 7: Teknolojia isiwe kompyuta peke yake

Mwanachuo akisikia teknolojia anafikiri kompyuta, na kwa kuwa shule atakayopangiwa huenda haina hata moja, anaiacha mada. Mpe kazi ya kubuni: tafuta tatizo la shule au la nyumbani, tengeneza kitu kinachopunguza tatizo hilo kwa vifaa vya kuokoteza, kipime, kiboreshe. Mfano unaofanya kazi vizuri ni wa kupooza mboga bila umeme. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Wapime kwa siku kadhaa mchicha wa ndani na wa nje, walinganishe kivulini na juani, na kama wako pwani wataona chungu hakipoozi sana kama cha Dodoma, kwa kuwa hewa ya pwani tayari ina unyevu mwingi.

Simu ya mwalimu nayo ni kifaa cha sayansi. Inarekodi mbegu ikichipua picha moja kwa siku, inapiga video ya mpira unaodunda na kuirudia polepole, inapima muda. Wazoeze kuitumia hivyo kabla ya kuitumia kutafutia nukuu.

Hatua ya 8: Wafundishe watoto halisi mapema, kabla ya mazoezi ya kufundisha

Kufundishana wenyewe kwa wenyewe darasani ni mwanzo tu. Wenzao watawaonea huruma. Omba shule ya msingi ya jirani ikupe kipindi kimoja kwa wiki. Waende watatu watatu: mmoja anafundisha, mmoja anashughulikia vifaa, wa tatu anaandika. Wiki inayofuata wabadilishane.

Kwa darasa la themanini wagawe watoto makundi kumi ya wanane, kila kundi lipate sinia lililokwisha kupangwa vifaa, na kila mtoto awe na kazi inayoeleweka: wa kushika, wa kupima, wa kuandika, wa kusema mbele, wa kurudisha vifaa. Masinia yasigawiwe kabla ya maelekezo kwisha. Betri ikishafika mikononi hakuna atakayemsikiliza mwalimu. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo maelekezo yasizidi tano, na kumi za mwisho ziwe za watoto kusema walichoona.

Wewe mkufunzi unapokaa nyuma, acha kwanza kuangalia mwandiko wa ubaoni. Hesabu watoto waliogusa vifaa, na uangalie kama wasichana wamegusa au wameachiwa kuandika tu. Sikiliza mwanachuo alisema nini jaribio lilipogoma. Mazungumzo ya baada ya kipindi yaanzie hapo.

Hatua ya 9: Usimwache njiani akipangiwa kituo

Mwaka wa kwanza kazini ndio unaomrudisha mtu kwenye kunakilisha, hasa akiwa peke yake anayefundisha sayansi shuleni. Mweleze mapema kuhusu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na jumuiya za kujifunza za walimu shuleni kwake, ili akifika aombe nafasi ya kuonyesha jaribio moja kwa wenzake badala ya kusubiri aitwe.

Kabla hawajaondoka chuoni, fungueni kundi la simu la wahitimu wote wa mwaka huo na wewe ukiwemo. Sanduku la kila mmoja likaguliwe, daftari la majaribio likaguliwe, kilichopungua kinunuliwe wangali wana fundi wa kuwasaidia. Wakishafika vituoni usiwaulize wamefanya majaribio mangapi. Waombe picha ya lililogoma, na ujibu swali lao siku hiyohiyo.